Ukisikia Inawasha, Angalia Juu

Mimi si mtu wa saluni. Nywele ananisuka jirani barazani kwake huku nikichambua maharage, kucha nakata mwenyewe, na anayesema nimezeeka kabla ya wakati ameshasema na nimeshamsikia. Watu hudhani ni ubahili. Siwasahihishi, kwa sababu ubahili ni rahisi kuueleza kuliko jambo lenyewe.

Lakini juzi sikuwa na pa kukwepea. Upendo, binti wa kwanza wa dada yangu, alikuwa anafanyiwa sendofu, sherehe ya kumuaga binti anayeolewa, hapa Same, na mama yake mdogo ni mimi. Ilibidi nimsindikize kupambwa. Nikakaa kwenye benchi karibu na mlango, nikajifanya nina mambo mengi kwenye simu. Mpambaji akaanza kupanga vifaa vyake mezani, akafungua kopo la poda, akagonga brashi ukingoni, na ile harufu ikanifikia, tamu na kavu, na nyuma yake ukakasi wa vumbi. Nilikuwa mtoto tena, nimekaa kwenye kigoda katika saluni nyingine ya mji huu huu, namwangalia dada yangu anafutwa uso wake na kuchorewa mwingine.

Wakati huo tuliishi juu milimani, Suji, kwa bibi mzaa baba, nyumba yetu na yake zikitenganishwa na migomba. Dada yangu Nakundwa alikuwa ameniacha mbali kwa umri. Kati yetu walizaliwa wengine ambao hawakukaa, kwa hiyo mimi nilikuwa kama mtoto wake wa kwanza. Alinibeba mgongoni akienda kuchota maji, alinifundisha kusoma kwa maandishi ya pakiti za majani ya chai, na tulilala kitanda kimoja. Uso wake niliujua kwa macho na kwa vidole. Nyusi yake ya kushoto ilikatwa na kovu dogo, la siku aliyoteleza kwenye mfereji akiwa msichana mdogo. Nikikosa usingizi nililipapasa lile kovu gizani, na nikilipata nalala.

Maji ya kwetu yalitoka kwenye ndiva, bwawa lililochimbwa na wazee wa zamani, ambalo hujaa usiku na kufunguliwa asubuhi maji yaende mashambani. Katika ukoo wetu maji hayo yalikuwa na kazi moja zaidi. Binti akiolewa, siku ya kuagwa, Bibi alichota maji ya ndiva kabla hayajafunguliwa, akamchukua binti peke yake nyuma ya jiko, kwenye migomba, akamnawisha uso. Hakuna aliyeruhusiwa kuwafuata. Hata mama wa binti alibaki mbele ya nyumba na wageni, anapanga vikombe ambavyo vilikuwa vimeshapangwa.

Niliwahi kuchungulia, binamu yangu alipokuwa anaolewa. Nikamwona Bibi anajimiminia maji kiganjani, anampitishia usoni taratibu, kisha anamshika mashavu kwa mikono miwili na midomo yake inatembea. Nikaamua kwamba Bibi anakagua kama uso umetakata. Alikuwa mtu wa usafi kupita kiasi, hata sufuria zetu alizipindua kuangalia matako yake. Na nilikuwa na ushahidi. Kulikuwa na msichana mwingine wa ukoo ambaye Bibi alimnawisha vilevile, halafu alipotoka kwenye migomba akaenda moja kwa moja kwa baba wa yule msichana, wakaongea pembeni. Wageni walikula wali wao wakaondoka. Watu wazima walisema shughuli imesogezwa mbele, na huko mbele haikufika kamwe. Mimi nikajua sababu: uso wake haukutakata. Kuanzia hapo nikawa nasugua wangu kwa sabuni ya kufulia, mpaka Nakundwa akaninyang'anya kipande.

Bwana aliyemposa Nakundwa alitoka Lembeni. Alikuwa na duka la misumari na mabati, mtu wa sauti ya chini, aliyeniletea pipi za kijiti. Baba alimpenda. Nakundwa alikuwa amepata nafasi chuo cha ualimu, na wakubwa wakawa wanaambiana kwamba mume ndiye atakayemsomesha, kwa hiyo hakuna kilichoharibika. Jioni moja nilimkuta jikoni na Mama. Mama alikuwa anasonga ugali na hakugeuka.

"Kadi zimeshagawiwa, Nakundwa. Baba yako atawaambia nini watu?"

"Mama, mimi nilikuambia kabla ya kadi."

Mama akaendelea kusonga. Nikaelewa, kwa akili yangu, kwamba kadi zimegawiwa zikaisha na dada hakupata. Nilikuwa nimeficha moja chini ya godoro kwa sababu ya utepe wake wa dhahabu. Nikaenda kuichukua, nikamletea. Aliitazama, akacheka kidogo, kisha akanikumbatia kwa muda mrefu kuliko kawaida. Nilijiona nimemaliza tatizo.

Sendofu iliamuliwa ifanyike Same, kwa sababu ndugu wa mjini wasingepanda milima na viatu vyao. Mwenyekiti wa kamati alikuwa shangazi Naomi, dada yake Baba, aliyeolewa huku chini zamani. Kanisani kwetu milimani mwanamke hakuvaa hereni wala kupaka mdomo rangi, lakini Shangazi alikuwa ameacha kuyasikia mahubiri hayo tangu ahamie tambarare. Alitutanguliza mjini mimi na Nakundwa, dada akatengenezwe, mimi nikafundishwe kutembea na kikapu cha maua. Bibi alisema atakuja siku yenyewe.

"Nitakuja na maji yangu," alisema.

"Sawa, Mama," Shangazi akajibu, kwa sauti anayotumia mtu kumkubalia mtoto.

Same siku hiyo kulikuwa na upepo wa kiangazi ule unaookota vumbi na kulitupa ndani ya nyumba za watu. Saluni ilikuwa nyuma ya soko, ina feni moja inayogeuka kwa kusitasita. Mpambaji aliletwa kutoka Moshi na sanduku lake la bati, tukamwita Anti Joisi. Alikuwa mchangamfu, ana mikono myepesi, na kila alichokifanya alikitaja kwa jina kana kwamba anatufundisha. Alimfuta dada uso kwa pamba yenye dawa, pamba ikatoka na rangi ya kahawia, akaitupa kwenye ndoo. Alichanganya rangi mbili nyuma ya kiganja chake, akaanza kuzipigapiga usoni kwa sponji, na ule weusi mzuri wa dada ukaanza kuzama. Nilisogea karibu kuangalia nyusi ya kushoto. Kovu halikuwepo.

Alipofika kwenye poda machozi yakaanza kumtoka dada. Hakulia kwa sauti. Yalishuka tu, yakichora mistari kwenye ile rangi mpya.

"Inakuwasha?" Anti Joisi aliuliza.

"Inawasha kidogo, anti."

Anti Joisi alimtazama kupitia kioo. Akafuta, akapaka upya. Yakashuka tena. Macho yakaanza kuvimba. Shangazi, aliyekuwa kiti cha pili na vibanio vyake kichwani, akainua shingo.

"Vipi hapo?"

"Poda imemkataa, mama. Nilitaka kumpa nyepesi, ya kitoto kidogo. Sasa itabidi nzito ya usiku. Nyeusi na dhahabu. Humo ndani hakutaonekana kitu."

"Weka nzito. Picha za ukumbini zinataka nzito."

Basi akaweka nzito. Alimpaka weusi kuanzia kwenye kope mpaka karibu na nyusi, katikati akagusa dhahabu kwa ncha ya kidole. Alimbandika kope za bandia, ndefu, moja moja kwa gundi, akavuta wanja mpaka pembeni karibu na sikio. Mashavu aliyachonga kwa brashi ya kahawia hadi yakawa na mifupa ambayo dada hakuwa nayo. Midomo ikawa na rangi ya zambarau zilizoiva sana. Mimi niliichukia ile poda. Niliona wazi kwamba inamuumiza, na nikashangaa kwa nini watu wazima wote hawa hawaifungi tu.

Alipokaribia kumaliza, Anti Joisi aliinama karibu na sikio la dada, lakini mimi nilikuwa chini ya kiti na nilisikia.

"Sikiliza, mdogo wangu. Gundi bado mbichi. Ukisikia inawasha usipepese, usifute. Angalia juu. Dari, taa, chochote. Yatarudi yenyewe."

Dada akaangalia juu. Nikaona maji yamejaa kwenye ukingo wa jicho, yakatetemeka, yakarudi. Sikuwa nimejua kwamba machozi yana njia ya kurudi.

Kiti kilipogeuzwa, aliyekaa pale alikuwa mwanamke nisiyemfahamu. Alikuwa mzuri, sitasema uongo. Alikuwa mzuri kiasi cha kunitisha. Nikauliza, "Dada yuko wapi?" na saluni nzima ikacheka isipokuwa yeye. Nikaiangalia ile ndoo, ile pamba ya kahawia, na nikaelewa jambo ambalo hakuna mtu mzima aliyekuwa analiona. Uso wa dada ulikuwa umetolewa na uko mle. Watu walipokuwa wanasifia nikachukua pamba moja, nikaificha chini ya maua kwenye kikapu changu.

Hapo ndipo Bibi alipoingia. Gari lililowaleta lilipasua gurudumu kabla ya kufika Makanya, na walikuwa wamekaa juani muda mrefu. Khanga zake zilikuwa na vumbi mpaka kiunoni. Mkononi alishika chupa ya mafuta ya kula, ndani maji, mdomoni kizibo cha gunzi la hindi.

"Shikamoo, Mama," Shangazi alisema.

"Marahaba. Mwanangu yuko wapi?"

Akapitisha macho kwenye viti vyote. Yalimfikia Nakundwa, yakampita, yakaenda kwa mtu mwingine.

"Bibi, mimi hapa," dada akasema.

Bibi aliifuata sauti. Alisimama mbele yake akamtazama. Watu wakaanza kukusanya mikoba yao.

"Nimekuja kumnawisha."

"Mama, ameshapambwa. Mtu ametoka Moshi kwa kazi hiyo."

"Kesho ni kanisani. Kesho atakuwa wa wenzetu."

"Utaharibu kila kitu, Mama. Mguse kichwani tu."

"Naomi," Bibi alisema, "wewe mimi sikukunawisha?"

Shangazi akajishughulisha na mkoba wake. "Ulininawisha. Lakini wakati ule haya mambo hayakuwepo."

"Basi tokeni nje nikae naye. Sitamgusa."

Honi ikapigwa nje. Walikuwa watu wa ukumbini, muda umepita, mshereheshaji analalamika. Shangazi alimshika dada mkono, mwingine akashika gauni kwa nyuma, wakatoka. Bibi alibaki na chupa yake katikati ya nywele zilizokatwa. Nilimshika mkono nikamwambia twende, kwa sababu ndicho kitu pekee nilichoweza kufikiria.

Ukumbini nilitembea na kikapu changu vizuri, wakanipigia makofi. Ilipofika zamu ya baraka za wazee, mshereheshaji akamwita Bibi. Akaenda na chupa. Mshereheshaji akaiona, akauliza kwenye kipaza sauti kama Bibi ametuletea gongo kutoka milimani, na watu wakacheka sana, hata Baba. Bibi hakucheka. Alimsogelea dada mpaka paji la uso wake likakaribia lile la dada, akamuuliza kitu kwa Chasu, lugha ya kwetu, kwa sauti ndogo. Mshereheshaji akasogeza kipaza sauti katikati yao ili baraka zisikike.

Dada aliangalia juu.

Na mimi nikaangalia juu, nione anaona nini. Kulikuwa na vitambaa vyeupe na vya zambarau, maputo, na taa moja iliyokuwa inakatika na kuwaka. Nilidhani mapambo yamemfurahisha. Bibi alisubiri, na ukumbi ukasubiri naye kidogo, kisha mshereheshaji akasema makofi kwa Bibi, muziki ukafunguliwa, na dada alikuwa bado anaangalia juu.

Watu walipopanga foleni ya chakula nilimkuta Bibi amekaa nje, kwenye ukingo wa tangi la maji, chupa mapajani. Nikachakura chini ya maua nikatoa pamba yangu.

"Bibi, mnawishe. Uso wake uko humu."

Aliipokea. Aliiangalia kwenye mwanga wa mlango, akaigeuza. Nilitegemea aniambie nimetenda jambo jema au aniambie nitupe takataka. Alichomoa gunzi, akaimiminia maji ile pamba kiganjani mwake, na maji yakapita katikati ya vidole yakiwa na rangi ya chai. Alimimina mpaka chupa ikaisha. Ndipo nikaona kwamba analia, na yeye hakuangalia juu. Sikuwa nimewahi kumwona Bibi analia, na niliogopa kuliko nilivyoogopa saluni.

"Hakunijibu," alisema.

"Ulimuuliza nini, Bibi?"

"Na wewe utaulizwa, siku yako."

Kesho yake Nakundwa akaolewa, akaenda Lembeni. Kitandani nilibaki peke yangu, na kwa muda mrefu nilikuwa nikipapasa ukuta.

Lazima niseme ukweli kuhusu shemeji yangu. Si mtu mbaya. Hakumpiga dada, hakumtukana, hakulala nje. Ukimwuliza dada mambo ya huko anasema ni mazuri, na hakuna unachoweza kukishika ukakionyesha watu. Chuo kilizungumzwa mpaka alipopata mimba ya Upendo, kikazungumzwa tena baada ya Upendo, halafu kikawa kitu ambacho watu wanakiepuka mezani. Sasa dada anauza misumari. Anaipima vizuri, anaifunga kwenye gazeti, anampa mteja. Nikienda kumsalimia, nikimwona nyuma ya ile kaunta, kuna hasira inanipanda ambayo sijui nimpelekee nani, na huwa naishia kununua misumari nisiyoihitaji.

Bibi alifariki kabla siku yangu haijafika. Msibani tulikuwa tunamenya ndizi mimi na dada, wawili tu jikoni, nikamuuliza kile nilichokuwa nimekibeba tangu utotoni. Bibi alikuambia nini ukumbini?

Aliendelea kumenya.

"Aliniuliza, unakwenda au unapelekwa."

Kisu changu kikasimama. Basi ndilo lililokuwa likiulizwa nyuma ya jiko, kwenye migomba, mbali na baba na mama na wageni. Uso ulinawishwa ili Bibi auone. Na binti akijibu kwamba anapelekwa, Bibi ndiye aliyelibeba jibu, akaenda nalo kwa baba kama neno lake mwenyewe, ili lawama zimwangukie mwanamke mzee ambaye hakuna wa kumfanya kitu. Nikamkumbuka yule msichana ambaye shughuli yake ilisogezwa. Anaishi mpaka leo, ana watoto na mume aliyemchagua mwenyewe, na uso wake haukuwa na uchafu wowote.

"Kwa nini hukumjibu?" nilimuuliza dada.

"Kulikuwa na kipaza sauti."

Alitupa maganda, akachukua ndizi nyingine. Baada ya muda akaongeza, "Na macho yalikuwa yanawasha."

Hatukulizungumza tena. Ndiyo maana juzi, pale saluni, sikujua kitakachotokea mlango uliposukumwa na dada akaingia. Alikuwa na vumbi mpaka magotini. Alikuwa ameondoka Lembeni alfajiri, amepanda Suji, ameshuka, na mkononi alishika chupa ya maji. Kizibo kilikuwa cha plastiki, kizibo chake chenyewe, maana magunzi siku hizi nani anayatafuta.

"Mama, ulikuwa wapi? Tunachelewa," Upendo alisema.

"Umeshampaka kitu?" dada alimuuliza mpambaji.

"Bado, mama, ndiyo naanza."

"Naomba utupishe."

Mpambaji akanitazama mimi, kama mtu pekee mwenye akili timamu aliyebaki. Nikasimama, nikamshika mkono kwa upole, nikatoka naye nje. Akaanza kuniambia kuhusu ratiba yake, na nikamwitikia kila kitu bila kusikia, kwa sababu mlango wa saluni ile ni wa kioo, na mimi sijaacha tabia ya kuchungulia.

Niliona dada anajimiminia maji kiganjani. Anampitishia Upendo usoni, taratibu, paji, mashavu, kidevu. Kisha anamshika mashavu kwa mikono miwili na midomo yake inatembea. Sikusikia neno hata moja na sikuhitaji. Upendo alishtuka kidogo, akamtazama mama yake, halafu akacheka, kile kicheko cha mtu aliyeulizwa jambo analolijua vizuri. Akajibu haraka, akitikisa kichwa kukubali, akamrukia mama yake shingoni na uso wake ukiwa bado unachuruzika maji.

Dada alimkumbatia. Na juu ya bega la mwanawe akainua macho, akaangalia dari.

Dari ya saluni ile ni bodi nyeupe tu. Safari hii sikuangalia juu kutafuta anachokiona. Nilimwangalia yeye, na safari hii machozi hayakurudi.